Hekalu Porini, Nyumba Mgongoni mwa Ngamia: Dhidi ya Mandhari Tupu ya Isiolo

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hakuna dhana iliyodharauliwa kama mandhari. Mhakiki akishamaliza dhamira, migogoro, wahusika na matumizi ya lugha, hutenga aya moja ya mwisho na kueleza kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio yanatendeka. Kisha huorodhesha: mjini, shambani, pwani, bara. Kazi inayohakikiwa ikigusa kaskazini ya Kenya, orodha huongezewa neno moja, nalo ni jangwa. Na hapo kalamu huwekwa chini.

Makala haya yanapinga zoea hilo. Yanadai kwamba mandhari si jamvi linalotandikwa ili wahusika wapite juu yake. Mandhari ni namna ya kutazama. Namna hiyo ina historia, ina waliofaidika nayo, na ina walioumizwa nayo. Neno lenyewe ni shahidi. Limetoholewa kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Anayetamka mandhari amekwisha kukiri kwamba pana jicho. Swali ambalo uhakiki haujaliuliza ni hili: jicho hilo ni la nani, limesimama wapi, na lilifundishwa na nani kuona kile linachokiona?

Kwa upande wa Isiolo, jibu linaanzia mbali, katika karatasi za wachoraji wa Ulaya wa karne ya 18, waliopenda kuchora hekalu la kale katikati ya msitu na majabali. Huenda msomaji akashangaa kwamba hekalu la Roma lina uhusiano wowote na mji ulioko kaskazini ya Mlima Kenya, karibu na mto Ewaso Nyiro. Mshangao huo ndio unaostahili kuchunguzwa.

Hekalu na Pori

Urasimi mpya ni jina la mwelekeo wa sanaa ulioenea Ulaya tangu katikati ya karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Ulichochewa na mambo mengi, mojawapo likiwa ufukuaji wa miji ya kale ya Herculaneum, ulioanza 1738, na Pompeii, ulioanza 1748. Katika uchoraji wa mandhari, wafuasi wake walirithi kanuni za Claude Lorrain (1600–1682) na Nicolas Poussin (1594–1665), Wafaransa wawili walioishi na kufanya kazi Roma. Kanuni ya Claude ilikuwa rahisi kuigwa: miti mikubwa upande mmoja kama pazia, maji katikati, mwanga wa mbali penye upeo, na mahali fulani kati ya miti na maji, hekalu lenye nguzo au gofu lake.

Katika mchoro wa namna hiyo pori na jengo hutegemeana. Pori hulipa hekalu umri: mizizi inayopasua ukuta na majani yanayoota juu ya tao humwambia mtazamaji kwamba miaka mingi imepita. Hekalu nalo hulipa pori maana: nguzo zake humwambia mtazamaji kwamba hapa palikuwa na watu, sheria, ibada na fikra. Giovanni Battista Piranesi (1720–1778) alichora magofu ya Roma kwa ukubwa uliowatia watazamaji hofu. Hubert Robert (1733–1808), aliyepewa lakabu ya Robert wa Magofu, alifika hadi ya kuchora ukumbi mkuu wa Louvre mwaka 1796 kana kwamba umekwisha kubomoka. Joseph Gandy alifanya vivyo hivyo kwa Benki ya Uingereza mwaka 1830. Tabaka lililokuwa na majumba lilifurahia kuyaona majumba yake yakiwa magofu, kwa sababu gofu lilikuwa cheti cha heshima: aliyeacha gofu alikuwa na historia.

Jambo hili halikubaki katika karatasi. Huko Stourhead, Uingereza, Henry Hoare, mtu wa ukoo wa wenye benki, aliziba vijito na kufanya ziwa, akapanda miti, na kando ya maji hayo akajengewa hekalu la mfano wa Pantheon ya Roma kati ya 1753 na 1754. Kwanza palikuwa na ardhi, wachoraji wakaifanya mchoro. Sasa mchoro ukaamuru ardhi ifanane nao. Nchini Ufaransa, Pierre-Henri de Valenciennes (1750–1819) alitetea mandhari ya kihistoria katika kitabu chake cha mafunzo, na ilipotolewa kwa mara ya kwanza tuzo rasmi ya mandhari ya aina hiyo mwaka 1817, chuo cha sanaa kilikuwa kimeidhinisha daraja: mandhari yenye kumbukumbu ya ukale ni bora, na mandhari isiyo nayo ni duni.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Chini ya uzuri wa michoro hiyo, ambao hauna haja ya kukanushwa, pana kanuni ambayo haikuandikwa na mtu: palipo na nguzo pana historia, pasipo na nguzo pana asili tupu. Kwa mtu aliyekaa Roma kanuni hiyo haikuwa na madhara makubwa. Kwa wakaaji wa nchi ambazo macho hayo yalikuwa njiani kuzifikia, ilikuwa hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Safari ya Jicho

Safari ya jicho hilo inaweza kufuatwa kwa majina. Richard Wilson, mchoraji wa mandhari wa karne ya 18 aliyefuata nyayo za Claude, alikuwa na wanafunzi. Mmoja, William Hodges, alikwenda Bahari ya Kusini pamoja na James Cook katika safari ya pili, 1772 hadi 1775, na akaichora Tahiti kwa mwanga na mpangilio wa Kiitalia. Mwanafunzi mwingine wa Wilson, Joseph Farington, alimfundisha uchoraji Henry Salt. Huyu Salt ndiye aliyefika Ethiopia mwaka 1805, na mwaka 1809 akachapisha mkusanyiko wa michoro 24 ya nchi alizozipitia, ukiwemo mchoro wa mnara wa jiwe wa Aksum.

Mchoro huo wa Aksum ni kielelezo kizuri. Salt alikuta katika Pembe ya Afrika kile ambacho malezi yake yalimwandaa kukiona: jiwe lililochongwa na kusimamishwa, likizungukwa na mimea na milima. Aksum ikaingia katika picha, na kwa kuingia katika picha ikaingia katika historia kama Ulaya ilivyoiandika. Hapana ubaya kwa Aksum kuheshimiwa, inastahili. Lakini kusini ya hapo, katika nchi za Waborana, Wagabra, Wasakuye, Warendille, Wasamburu na Waturkana, jicho lile lile halikukuta jiwe lililosimamishwa. Likaandika pori.

Kati ya 1892 na 1894 Mmarekani William Astor Chanler alizipita nchi hizo, akiufuata Ewaso Nyiro kuelekea kinamasi cha Lorian, pamoja na Ludwig von Höhnel na wapagazi kutoka Unguja. Kitabu chake cha mwaka 1896 kimebeba anwani yenye msitu na jangwa. Maporomoko yaliyoko katika mto huo, ambayo wafugaji walikuwa wakinyweshea mifugo kandokando yake kabla yake, yakaitwa kwa jina lake na yanaitwa hivyo hadi leo. Ni vema kukumbuka kwamba waliobeba mizigo ya safari hizo walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kaskazini kikiwa chini ya mzigo wa mtu mwingine, na inaelekea kwamba pamoja na mzigo kilibeba pia miwani yake.

Maana Kiswahili kilikuwa na miwani yake tayari. Neno nyika lilitosha kwa watu wa pwani kuwaita majirani zao Wanyika, yaani watu waliotajwa kwa vichaka vyao, hadi jina Mijikenda lilipochukua nafasi hiyo katika miaka ya 1940. Neno ustaarabu linapima utu kwa ukaribu wake na Uarabu na, kwa mazoea ya matumizi, kwa nyumba ya mawe. Mkoloni alipokuja na kanuni yake ya nguzo hakukuta Kiswahili kitupu. Alikuta lugha ambayo waungwana wake walikwisha kuzoea kumpima mtu kwa ukuta wake. Ukasumba wa uhakiki wa leo una wazazi wawili, na si haki kumlaumu mmoja tu.

Kibanda cha Laugier

Wakati huo huo, ndani ya urasimi mpya wenyewe, palikuwa na mchoro mmoja ulioivunja kanuni hii. Mwaka 1753 padri Marc-Antoine Laugier alichapisha insha juu ya usanifu wa majengo. Toleo la pili, la mwaka 1755, lilifunguliwa kwa mchoro wa Charles Eisen. Katika mchoro huo mwanamke, ambaye ni mfano wa Usanifu wenyewe, ameketi juu ya vipande vya nguzo na mawe yaliyochongwa. Mbele yake porini imesimama miti minne ikiunganishwa na matawi yaliyolazwa juu yake kama paa. Mwanamke ananyosha mkono kukionyesha kibanda hicho. Mawe ameyakalia, kibanda ndicho anachokifundisha.

Maana ya mchoro ni wazi. Laugier alidai kwamba usanifu wa kweli hautokani na mapambo ya marumaru. Unatokana na nguzo, boriti na paa, na vyote hivyo vilizaliwa katika miti na matawi. Nguzo ya hekalu ni mti uliosahau kwamba ni mti. Wazo hilo lilikuwa na mizizi katika Vitruvius, Mrumi aliyeeleza kuwa watu wa mwanzo walijenga kwa matawi na udongo.

Basi na iulizwe: watu waliokiabudu kibanda cha fito katika karatasi, kwa nini walishindwa kukiona kilipokuwa mbele yao katika bonde la Ewaso Nyiro? Kwa nini fito zilizopindwa na mwanamke wa Kigabra au wa Kirendille ziliitwa kibanda cha mshenzi, na fito zilizochorwa na Eisen zikaitwa asili ya usanifu? Jibu ni kwamba kibanda cha Laugier hakikuwa na mwenyewe. Kilikuwa wazo. Hakikuwa na moto ndani, wala mtoto, wala mifugo nje, wala madai ya ardhi kilipojengwa. Kibanda chenye mwenyewe ni jambo jingine. Kukiita usanifu ni kukiri kwamba aliyekijenga ana akili ya kupanga. Na kukiri hivyo ni kukiri kwamba nchi ile si tupu.

Nyumba Isiyoonekana

Nyumba yenyewe ikoje? Miongoni mwa Wagabra na Warendille, na kwa namna zinazokaribiana miongoni mwa Wasomali na Waborana wafugao ngamia, nyumba hujengwa na wanawake na ni mali yao. Mifupa yake ni fito na mizizi iliyopindwa kuwa matao. Ngozi yake ni mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za mimea, pamoja na ngozi za wanyama. Inapofika siku ya kuhama, mwanamke huifungua nyumba, na zile fito zilizokuwa kuta na paa hufungwa juu ya ngamia zikawa fremu ya tandiko na kivuli cha kuwafunika watoto na wagonjwa njiani. Nyumba inakuwa chombo cha safari. Safari ikiisha, chombo kinarudi kuwa nyumba. Katika arusi, nyumba mpya huinuliwa kuwa sehemu ya sherehe yenyewe, na sehemu zake hutokana na nyumba ya mama wa bibi arusi. Kwa hiyo fito moja inaweza kuwa imekaa katika nyumba ya mama na ya bintiye.

Labelle Prussin alipochapisha kitabu chake juu ya usanifu wa wahamaji wa Afrika mwaka 1995, alilazimika kueleza kwa urefu jambo ambalo kila bibi wa Marsabit au Isiolo aliyewahi kufunga ngamia alilijua: kwamba huu ni usanifu, na kwamba wasanifu wake ni wanawake. Kitabu kimekwisha kutimiza zaidi ya robo karne, na uhakiki wa mandhari katika Kiswahili haujatikisika. Methali yasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Uhakiki umesimama nje, umekosa mlango wa mbao uliochongwa nakshi, ukaamua kwamba hakuna nyumba.

Nani aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuiona? Isiolo ulikuwa makao ya utawala wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini. Huko aliishi George Adamson, msimamizi wa wanyamapori, pamoja na mkewe Joy, mchoraji aliyezaliwa Troppau mwaka 1910. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 Joy Adamson alichora mamia ya picha za watu wa Kenya kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1967 akachapisha kitabu juu ya watu hao. Kazi hiyo ina thamani: mapambo na mavazi mengi yaliyokwisha kutoweka yamehifadhiwa humo. Lakini na itazamwe kwa makini. Aghalabu watu hao wamesimama au wamekaa mbele ya karatasi tupu, kama yalivyo maua aliyoyachora kwa ajili ya vitabu vya mimea. Uso upo, ushanga upo, ngozi ipo; nyumba haipo, na chini ya miguu hapana nchi.

Kisha likaja jambo lililoitangaza Isiolo duniani. Mwaka 1956 simba jike Elsa alichukuliwa akiwa mtoto na kulelewa na akina Adamson. Kitabu juu yake kilitoka mwaka 1960 na filamu mwaka 1966. Sasa ikawa nchi iko lakini watu hawako. Binadamu wakachorwa bila nchi, na nchi ikasimuliwa bila binadamu, isipokuwa mzungu anayempenda mnyama. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja yanatoa picha kamili ya pori lisilo na hekalu: asili tupu inayomngoja mlinzi kutoka nje. Hapana haja ya kumtuhumu Joy Adamson, aliyeuawa katika hifadhi ya Shaba mnamo Januari 1980, kwamba alikuwa na nia mbaya. Jicho lililofunzwa halihitaji nia.

Gofu, Tongo na Mahame

Itasemwa kwamba fasihi ya Kiswahili nayo ina magofu yake, na kwamba haikuyahitaji mafunzo ya Claude wala ya Piranesi. Ni kweli, na ndiyo sababu kosa la wahakiki ni zito. Kiswahili kina msamiati tele wa mahali palipoachwa. Kuna gofu, kuna mahame, kuna tongo, kuna ganjo. Kusini ya Tanga magofu yenye makaburi ya nguzo yanaitwa Tongoni, yaani mahali penye tongo. Na gofu si jengo tu. Mtu aliyekondeshwa na njaa au maradhi naye huitwa gofu la mtu. Lugha iliyotunga msemo huo inaliona jengo lililoachwa kama mwili ulioteseka. Ni vigumu kufikiria jambo lililo mbali zaidi na ile raha ya Hubert Robert.

Mfano ulio mkubwa ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Majumba ya Pate yaliyokuwa yaking'aa taa sasa ni makao ya ndege, wadudu na magugu. Wahakiki kadhaa wameusoma utenzi huo kana kwamba ni mchoro wa Kiulaya uliotiwa vina: gofu, mwitu, huzuni tamu. Usomaji huo umepotoka. Katika utenzi huo hakuna mtazamaji aliyekaa kilimani na kijitabu. Mshairi anauhoji moyo wake. Waliokuwa katika majumba hayo ni jamaa na wakubwa wanaojulikana, na swali la walikokwenda ni swali la anayeuliza atakwenda wapi. Mwitu ulioingia ndani ya nyumba haupambi chochote, unatoa onyo. Hekalu la mchoro wa Ulaya halina jina la aliyelia ndani yake. Jumba la Pate linalo.

Tofauti hiyo ikisahaulika, yanatokea yaliyotokea Gedi. Magofu yaliyoko katika msitu karibu na Malindi, yenye mizizi ya miti juu ya kuta, yanafanana mno na mchoro wa urasimi mpya, na labda hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake. James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, na kitabu chake cha mwaka 1954 kikauita mji huo mji wa Kiarabu. Penye nguzo pana historia. Lakini historia ikishaonekana, akatafutwa mwenyewe kutoka ng'ambo. Ilichukua miaka mingi ya utafiti kabla ya Waswahili kurudishiwa mji wao, na mwaka 2024 Gedi ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na katika masimulizi hayo ya pwani, Waoromo, ambao Waborana wa Isiolo ni ndugu zao, wana nafasi moja tu: ndio wavamizi waliotoka nyika na kuiharibu miji. Mhakiki anayekariri hayo bila kuyahoji anamfundisha mwanafunzi wa Isiolo kwamba babu yake aliingia katika fasihi ya Kiswahili akiwa na mkuki tu mkononi, bila nyumba mgongoni mwa ngamia.

Isiolo nayo ina mahame yake. Wakati wa vita vilivyoitwa vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa wilaya hiyo katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tulla na Merti vikiwa miongoni mwake. Mifugo mingi iliangamia, ngamia wakiwemo. Nyumba inayobebwa na ngamia haiwezi kuhama ngamia akifa. Maelfu ya nyumba hizo zilikufa kwa namna ambayo haikuacha nguzo hata moja. Hapana mizizi iliyopasua ukuta, hapana tao lililoota majani. Piranesi asingepata cha kuchora. Je, kwa kuwa hakuna cha kuchora, hakuna kilichobomoka? Uhakiki unaodai gofu la mawe kabla ya kukubali msiba umejichagulia misiba ya matajiri.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba michoro si kazi ya mhakiki wa fasihi. Jibu ni kwamba mhakiki amekwisha kuiazima. Anaposema mandhari, taswira, mandharinyuma na mtazamo, anatumia vifaa vya mchoraji. Anayeazima shoka hana budi kujua lilikatia nini kabla ya kufika kwake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Litasema kwamba hoja hii inawapamba wahamaji; kwamba wakazi wengi wa mji wa Isiolo leo wanaishi katika nyumba za matofali na mabati; kwamba mikeka imeshindwa na turubai; na kwamba mwanamke wa Merti huenda akaipenda nyumba ya mawe kuliko fito. Yote hayo ni kweli. Mji wenyewe una Wasomali wa Isahakia, kizazi cha askari waliopewa makao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, una Wameru, una Waturkana, na Kiswahili kinasikika sokoni siku nzima. Lakini makala haya hayamtaki mtu arudi katika fito. Yanamtaka mhakiki aache kuhesabu nyumba kwa mawe. Anayehama kutoka usanifu mmoja kwenda mwingine ana historia ya usanifu. Anayesemwa kuwa ametoka katika utupu hana kitu. Na turubai juu ya fito zilizopindwa ni sura mpya ya kitabu kile kile.

Pingamizi la tatu litasema kwamba jangwa ni neno la jiografia tu, halina itikadi. Wenye kusema hivyo na waeleze kwa nini chini ya sheria ya 1902 wilaya za kaskazini zilifungwa, hata msafiri akahitaji kibali kuingia. Kwa nini sheria ya 1934 iliongeza nguvu hizo. Na kwa nini hadi leo msafiri anayeshuka kutoka kaskazini husema kwamba anakwenda Kenya. Nchi iliyokwisha kuchorwa tupu ni rahisi kuifunga, maana hakuna anayeonekana kufungiwa ndani.

Hitimisho

Kinachobishaniwa hapa hakiishi darasani. Katika Ruwaza ya Kenya ya mwaka 2030, iliyotangazwa mwaka 2008, Isiolo ulipangiwa kuwa mji wa kitalii. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, umeufanya kuwa njia panda ya barabara, reli na bomba. Kila mradi wa aina hii hutangulizwa na michoro: jengo jeupe lenye nguzo au vioo, limesimama peke yake, mbele yake maji, nyuma yake vichaka na milima, na mwanga wa mbali penye upeo. Claude Lorrain angeutambua mpangilio huo mara moja. Hekalu limerudi porini, na safari hii halina hata haja ya kuwa gofu.

Dhidi ya michoro hiyo wakazi wa Isiolo wana Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ambayo inawataka wajiandikishe na kuonyesha kwamba ardhi ni yao. Nao wataonyesha nini, ikiwa fasihi ya lugha ya taifa, vitabu vya shule na uhakiki wake vimekwisha kutoa ushahidi kwamba hapo hapakuwa na nyumba? Mhakiki anayeandika jangwa na kuweka kalamu chini hajui kwamba ametia sahihi.

Yapo mambo matatu ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila kungoja bajeti wala kibali. Kwanza, dhana ya mandhari ifundishwe pamoja na swali la jicho: nani anatazama, kutoka wapi, na nani ameondolewa ili mwono uwe mzuri. Pili, msamiati wa makazi yanayohama uingizwe katika istilahi za uhakiki na katika kamusi, kwa maneno ya Kiborana, Kigabra, Kirendille na Kisomali pale ambapo Kiswahili hakina lake. Lugha iliyomeza maneno ya Kireno haitakabwa na ya majirani. Tatu, nyimbo na masimulizi ya wanawake wanaojenga nyumba hizo yakusanywe na kuhakikiwa kama fasihi, kabla ya wajenzi wa mwisho kuondoka.

Mwanamke aliyechorwa na Eisen mwaka 1755 aliketi juu ya nguzo zilizovunjika akaonyesha fito kwa kidole. Ulaya ilitazama kidole. Uhakiki wa Kiswahili, ambao una fito hizo nchini mwake na wenye kuzijenga miongoni mwa wasomaji wake, hauna udhuru wa kufanya hivyo hivyo.